Skrini Tatu, Kiti Kimoja

Usiku wa tatu ulinikuta nimekaa sakafuni, kompyuta imelazwa ubavu, kifuniko chake kiko kando, na mbele yangu monita tatu. Moja ilikuwa inawaka. Mbili zilikuwa nyeusi, vitaa vyao vikipepesa rangi ya chungwa kila baada ya sekunde chache, dalili kwamba umeme upo ila picha haifiki. Nilikuwa nimebadilisha kebo, nikabadilisha kadi za picha, nikabadilisha monita, kisha nikarudia yote kwa mpangilio mwingine. Kila mara moja iliwaka na mbili zikagoma, ila iliyowaka haikuwa ile ile. Jibu lilikuwa hapo hapo kwenye hilo la mwisho, nami nililipita kila usiku bila kuliona.

Mashine yenyewe ni ya mwaka 1998: Pentium II ya 350 MHz juu ya ubao mama wenye chipu za Intel 440BX. Ina sloti, yaani nafasi za kuchomekea kadi, za aina tatu: moja ya AGP, iliyo maalumu kwa kadi ya picha, nne za PCI na mbili za ISA. Nazipenda sana kompyuta za miaka ile kwa sababu hiyo. Ubao mmoja umebeba sloti za ISA, za ukoo wa IBM PC ya 1981, sloti za PCI zilizoanza 1992, na ile ya AGP ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni. Na Windows 98, iliyotoka Juni mwaka huo, ndiyo iliyompa mtumiaji wa kawaida wa Windows uwezo wa kutandaza kazi yake kwenye monita zaidi ya moja, hadi 9. Wenye Macintosh II walikuwa wakifanya hivyo tangu 1987, lakini kwa upande wetu wa PC lilikuwa jambo jipya. Nilitaka kuliona kwa macho yangu kwenye mashine ya zama zile zile: nisukume mausi, mshale utoke skrini ya kushoto uingie ya katikati, kisha ya kulia.

Kadi nilizoanza nazo ni Matrox G200 ya AGP yenye kumbukumbu ya MB 8, S3 Trio64V+ ya PCI yenye MB 2, na kadi ya tatu, ya PCI pia, ambayo sitamtaja mtengenezaji wake. Hiyo ya tatu niliipenda kwa jinsi herufi zake zilivyotoka safi kwenye skrini.

Hesabu niliyoingia nayo ilikuwa rahisi. AGP ndiyo kadi kubwa, kwa hiyo AGP ndiyo ya kwanza. Nikiwasha, maandishi ya BIOS, programu ya kwanza kuamka ndani ya kompyuta, yatatokea kwenye monita ya AGP. Yasipotokea huko, kadi ya AGP ina kasoro. Nilipoweka G200 na Trio pamoja, monita ya AGP ikabaki nyeusi, nami nikaanza kuiuguza kadi isiyoumwa. Niliichomoa, nikasugua meno yake ya shaba kwa raba ya penseli hadi raba ikaacha mstari mweusi, nikayapangusa kwa spiriti, nikairudisha. Nyeusi. Nikapunguza vifaa vyote, nikatoa kadi ya sauti, nikatoa ya mtandao. Nyeusi. Usiku wa pili nilikuwa nimeshaanza kutafuta G200 nyingine.

Nilimpigia simu rafiki yangu mmoja, fundi aliyenitangulia miaka mingi kwenye kazi hii.

"Kaka, kadi yangu ya AGP imekufa."

"Umejuaje?"

"Nikiwasha, monita yake haionyeshi kitu. Hata yale maandishi ya mwanzo hayatoki."

"Na ukitoa ile ya PCI?"

Nikanyamaza. Tangu niweke kadi ya pili sikuwahi kuiwasha AGP ikiwa peke yake.

"Mdogo wangu, toa zote, bakiza hiyo tu. Halafu nipigie."

Nilitoa zote. Iliwaka papo hapo: bipu moja fupi, jina la BIOS, kumbukumbu ikijihesabu. Nilipompigia tena hakunipa jibu zima, aliniuliza swali moja tu: "Ukiwasha, nani anakalia VGA?" Nikaelewa kwamba kwa siku zote hizo sikuwa nimeuliza swali lenyewe.

Nieleze kidogo hapa, kwa sababu ukilielewa hili nusu ya matatizo ya kadi nyingi yanajifafanua yenyewe. Kwenye kompyuta ya aina hii, kiti cha VGA ni kimoja. VGA, mfumo wa kuonyesha picha, ilikuja na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, na ilisukwa kwa kudhani kwamba kadi ya picha ni moja. Kila kadi iliyokuja baadaye ikataka kulingana nayo, kwa hiyo zote zinajua anwani zile zile: kumbukumbu kuanzia A0000 hadi BFFFF, milango ya mawasiliano kuanzia 3C0 hadi 3DF. Kadi mbili zikijibu kwa pamoja kwenye anwani moja, ni kama watu wawili kuitikia jina moja katika chumba chenye giza. Basi BIOS inapoamka huchagua kadi moja, huikalisha kwenye kiti hicho, huendesha programu ndogo iliyo kwenye ROM, kumbukumbu isiyofutika, ya kadi hiyo, na zilizobaki huziacha zimelala. Hazijafa. Zinasubiri Windows ije iziamshe kwa njia nyingine.

Sasa, kwenye BIOS ya ubao wangu kuna mstari umeandikwa "Init Display First", wenye chaguo mbili: PCI Slot na AGP. Wangu ulikuwa umewekwa PCI. Yaani kila nilipochomeka kadi yoyote ya PCI, hiyo ndiyo iliyokalia kiti, na G200 ikalala. Kadi mbili za PCI zikiwepo, BIOS ilichukua ile iliyo kwenye sloti inayokaguliwa kwanza. Ndiyo maana kila nilipohamisha kadi, skrini iliyowaka ilihama nayo. Nilikuwa nimeshaliona jibu mara kumi na mbili, na kila mara nikaliita bahati mbaya.

Kuanzia siku hiyo nilianza kuandika. Daftari la kawaida, safu nne: kadi gani, sloti gani, monita gani, nimeona nini. Na sharti moja gumu kulitii usiku wa manane: kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilikuwa na tabia ya kubadilisha kebo na sloti kwa pamoja ili kuokoa muda. Ukifanya hivyo na tatizo likaondoka, hujui kilicholiondoa. Na likibaki, umepata mashaka mawili mahali pa moja.

Nilibadilisha ule mstari ukawa AGP, nikahifadhi, nikawasha. Maandishi yakatokea kwenye G200. Windows ikapanda, ikasema imeona kifaa kipya, ikaomba draiva (programu ya kuiendesha kadi) ya Trio, nikaipa, ikaomba kuwashwa upya. Hapo nilikaa mbele ya ile monita ya pili, nyeusi bado, nikisubiri. Diski ilikoroma. Kisha pwaa, skrini ikawaka, na juu yake maandishi mafupi: ukiweza kuusoma ujumbe huu, Windows imefanikiwa kuiandaa kadi hii ya picha. Nilisoma mara mbili. Kati ya ujumbe wote niliowahi kuona kwenye kompyuta, huo ndio naupenda kuliko wote, kwa sababu unakuambia jambo ambalo usingeweza kulijua kwa njia nyingine. Unakuambia mahali pale pale lilipotimia.

Kutoka hapo ni kwenda kwenye mipangilio ya skrini, kubofya picha ya monita namba 2, kukubali kwamba dawati lipanuliwe hadi huko, na kuiburuta picha hiyo ikae upande ule ule ilipo monita yenyewe mezani. Usipoiburuta, mshale utatokea upande usioutarajia. Trio, kwa MB 2 zake, ilinipa 1024 kwa 768 kwa rangi za biti 16, ambazo hula MB 1.5. Biti 24 kwa ukubwa huo zinataka MB 2.25, kwa hiyo chaguo hilo halikuwepo, na sikulihitaji.

Kadi ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Niliiweka, Windows ikaiona, draiva ikaingia, nikawasha upya. Skrini yake ikabaki nyeusi, na kwenye orodha ya vifaa jina lake likawa na alama ya mshangao ya njano. Nikaihamishia sloti nyingine. Alama. Nyingine tena. Alama. Kila nilipoihamisha, Windows iliiona kama kifaa kipya kabisa na kuomba draiva upya, na sikujua kwamba ile ya zamani haiondoki. Nilipobonyeza F8 wakati wa kuwaka na kuingia katika hali salama, nilikuta orodha ya kadi za picha imejaa mizimu: kadi moja ile ile imeandikwa mara nne, mara moja kwa kila sloti iliyowahi kukaa, pamoja na kadi nyingine iliyokuwemo kabla sijaipata mashine. Nilifuta zote, hadi zile zinazofanya kazi, nikaiacha Windows iziokote upya moja baada ya nyingine. Kama una mashine ya Windows 98 iliyobadilishwa vifaa mara nyingi, anzia huko kabla ya kugusa bisibisi. Kwangu usafi huo uliondoa kuganda kwa mara kwa mara ambako nilikuwa nakusingizia usambazaji wa umeme.

Lakini alama ya njano haikuondoka. Hapo nikarudi kwenye swali la yule kaka: nani anakalia VGA? Kadi ikiwa ya pili au ya tatu, lazima ikubali kuishi bila anwani za VGA, na draiva yake lazima ijue kuiendesha katika hali hiyo. Chipu nyingi za miaka ile hazikutengenezwa hivyo. Zinapokuwa peke yake hazina tatizo lolote. Zikiwekwa nyuma ya nyingine haziamki. S3 Trio64V+ ni kati ya zinazokubali. Hii yangu ya tatu haikukubali. Je, ni mbovu? Kulikuwa na jaribio moja la kuamua. Nilirudisha mstari wa BIOS kuwa PCI, nikaiweka kwenye sloti inayokaguliwa kwanza, Trio nikaisogeza chini yake. Nikawasha.

Kadi iliyogoma usiku mzima ikatoa maandishi ya BIOS bila kusita. Windows ikapanda juu yake. Na baada ya draiva kukaa sawa, Trio ikawaka, G200 nayo ikawaka. Skrini tatu kwa mara ya kwanza. Kadi isiyoweza kuishi bila kiti ilipewa kiti, na zile mbili zinazoweza kusimama zikasimama.

Nilifurahi kweli, na niliiacha hivyo wiki kadhaa. Ila mpangilio huo una gharama yake. Programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, zinazojaza skrini nzima hutokea kwenye kadi ya kwanza tu, na kadi yangu ya kwanza sasa ilikuwa ndiyo dhaifu kuliko zote. G200, yenye nguvu ya michezo, ilikuwa imekaa pembeni ikionyesha orodha za mafaili. Mwishowe nilipata S3 ViRGE ya MB 4, nikaiweka mahali pa ile kadi kaidi, nikarudisha kiti kwa AGP, na mambo yakatulia. Ile nyingine nimeitunza ndani ya mfuko wake wa kukinga umeme tuli, na juu ya mfuko nimeandika: "Nzima. Iwe ya kwanza au iwe peke yake." Naamini kadi nyingi kama hiyo zimetupwa na watu waaminifu waliozijaribu vizuri kabisa, ila kwenye nafasi isiyo yake, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuitupa.

Ukadhani yameisha. Monita ya kulia ikaanza kuonyesha picha ya njano. Nyeupe yote ilikuwa ya manjano, kama karatasi iliyoachwa juani. Mawazo yangu yalikimbilia kumbukumbu ya ViRGE, kwa kuwa ndiyo mgeni. Safari hii nilifungua daftari kwanza, nikajilazimisha kufuata sharti. Nikaipeleka kebo ile ile, na monita ile ile, kwenye kadi ya Trio. Njano. ViRGE ikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Nikabadilisha kebo peke yake: nyeupe safi. Niliigeuza ile kebo chini ya taa nikaangalia mdomo wake. Plagi ya VGA ina nafasi za pini 15 katika safu tatu za tano tano, na kwenye safu ya juu pini ya 3, inayobeba rangi ya bluu, ilikuwa imelala kabisa ubavuni mwa tundu. Nyekundu na kijani bila bluu hutoa njano. Ni hivyo tu. Niliinyoosha kwa ncha ya chuma ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, risasi nikiwa nimeitoa: unaiingiza pini ndani ya ncha hiyo kama mkuki kwenye ala, kisha unainua polepole, kwa sababu pini iliyokunjwa ikinyooshwa kwa haraka hukatika. Na usishtuke ukikuta pini ya 9 haipo. Kwenye kebo nyingi haipo tangu kiwandani. Zinazostahili kuangaliwa ni ya 13 na ya 14, zinazobeba ulinganifu wa mistari na wa picha nzima, pamoja na ya 12 na ya 15, ambazo monita huzitumia kujitambulisha kwa kadi. Hizo mbili za mwisho zikikosekana picha hutoka, lakini Windows haijui imeunganishwa na monita gani.

La mwisho lilihusu monita zenyewe. Mbili zangu ni za kioo kizito cha zamani, moja ni bapa ya LCD. Nilikuwa nimeziweka zile nzito bega kwa bega, moja nikiiendesha kwa 75 Hz, yaani picha ikichorwa upya mara 75 kwa sekunde, na nyingine kwa 85 Hz, na kingo za madirisha kwenye zote mbili zilikuwa zinatetemeka, mtetemo mdogo wa haraka unaochosha macho kabla hujajua unakuchosha. Niliisogeza moja kwa shibiri mbili, mtetemo ukapungua mbele ya macho yangu. Koili za monita hizo, zile zinazopeleka mwale wa elektroni juu na chini, hutoa uga wa sumaku unaovuja hadi kwa jirani, na tofauti ya 75 na 85 huonekana kama mtikisiko wa mara 10 kwa sekunde. Niliziweka zote 85 Hz, mtikisiko ukawa mawimbi ya polepole yasiyosumbua. Kisha nikaiweka LCD katikati, maana yenyewe haisumbuliwi na sumaku hizo, na zile mbili zikapata umbali. LCD nikaiacha 60 Hz. Ukiipa 85 itakuandikia tu kwamba imepewa kitu nje ya uwezo wake.

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito wote. Monita nzito ikikusumbua, hangaika na kebo, na mipangilio, na umbali. Usifungue mgongo wake kama hujafundishwa. Ndani yake kuna umeme wa zaidi ya volti 20,000, na bomba la kioo linaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hakuna skrini ya tatu inayostahili hatari hiyo.

Sasa hivi mashine iko juu ya meza, kifuniko kimefungwa. Kushoto barua na maandishi, katikati programu ninayoiandika, kulia orodha ya mafaili. Mshale unapita kutoka ukingo hadi ukingo bila kukwama. Zile sloti mbili za ISA bado hazina kitu, nami nina kadi ya Hercules, kadi ya picha za rangi moja ya ukoo ulioanza 1982, ambayo inatumia kumbukumbu ya B0000 hadi B7FFF na milango ya 3B0 hadi 3BF, kwa hiyo haigombanii na maandishi ya rangi ya VGA yanayoanzia B8000. Waandishi wa programu wa zamani waliitumia hivyo hivyo: programu inakimbia kwenye skrini ya rangi, huku taarifa za makosa zikishuka kwenye skrini ya pili ya rangi moja. Windows haitaiona kama dawati lake, ila DOS itaiona. Ninachokosa ni monita yake, ya plagi ya pini 9 na mistari 18,400 kwa sekunde (18.4 kHz), kwa sababu hizi nilizonazo zinaanzia 31.5 na plagi zake ni nyingine kabisa. Meno ya kadi nimeshayasafisha. Kwenye daftari nimefungua ukurasa mpya, safu tatu za kwanza nimeshazijaza kwa penseli, ya nne iko wazi.